TAHADHARI: Kuna mtu anauza "vibali vya tranziti" vya bunduki za kuwinda huku Nakuru na Kisumu

Wenzangu mnaoendesha watalii, mnaouza safari, na nyinyi wenye nyumba za wageni kuanzia Naivasha hadi Kisumu: kuna bwana anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akijiita ajenti wa mizigo ya ndege. Anasema mteja wako akija na bunduki ya kuwinda, akitua Nairobi ili aunganishe ndege ya Tanzania, yeye atakutolea kibali siku hiyo hiyo kwa shilingi 38,000. Hana kibali chochote. Anachokutumia ni PDF aliyojitengenezea.

Anaongea kwa adabu sana. Wanaume wote ni "mkubwa," wanawake wote ni "madam." Anatuma picha za masanduku ya bunduki yakiwa kaunta ya uwanja wa ndege, picha ambazo mtu yeyote anaweza kuzitoa mtandaoni. Ukimwuliza ofisi iko wapi na wewe uko Nakuru, yeye yuko Kisumu. Ukiwa Kisumu, ameshuka Nakuru mara moja.

Dada mmoja mwenye ofisi ndogo ya safari Kisumu ameniruhusu nieleze yake. Alikuwa na wateja wawili Wamarekani waliolipia kitalu cha uwindaji Tanzania, ila walitaka kwanza kulala Nakuru waone vifaru. Akalipa 38,000 kwa kila bunduki. Baadaye jamaa akaleta "ada ya ghala," kisha akadai 12,000 za "Fomu 4457." Ningecheka kama si pesa ya mtu. Fomu 4457 hutolewa na forodha ya Marekani, mwenye bunduki akiwa ameipeleka kwa ofisa wao ikaonekana kabla hajaondoka. Kazi yake ni kuthibitisha akirudi kwamba bunduki ilikuwa yake tangu mwanzo. Huku Nakuru hakuna wa kuitoa, na haimpi mtu ruhusa ya kuingiza silaha Kenya.

Shirika la ndege liliikataa ile karatasi kaunta, hukohuko Marekani. Wateja wakarudisha bunduki nyumbani, wakaja wakiwa wamenuna, na dada akawarudishia pesa zao kutoka mfukoni. Watu wanampa pole kwa hasara. Mimi nilimwambia ameponea chupuchupu, kwa sababu wangetua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na bunduki mbili na karatasi ya bandia, maswali yasingeishia kwao. Jina lililoandikwa kama mwenyeji lilikuwa la kampuni yake.

Nimeiona karatasi yenyewe. Ina nembo ya serikali na muhuri wa bluu, na kichwa kimeandikwa kibali cha "uwindaji na tranziti, Kenya." Uwindaji Kenya! Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku hapa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuufungua mlango huo. Ofisi gani ya serikali itaandika kibali cha jambo ambalo sheria imelikataza? Halafu haionyeshi aina ya bunduki, ukubwa wa risasi wala nambari iliyochongwa kwenye chuma. Kibali cha silaha kisichosema ni silaha gani ni cha nini?

Sasa kuhusu kuunganisha ndege, maana hapo ndipo anapowakamata watu. Anaimba "tranziti, tranziti" mpaka unaamini kila anayepita Nairobi yuko tranziti. Sivyo. Mteja akiwa na tiketi moja hadi uwanja wa Kilimanjaro, Tanzania, na sanduku limeandikiwa hadi Kilimanjaro, bunduki inabaki ndani ya eneo la ndege bila kupita forodha ya Kenya. Hata hapo shirika lazima liarifiwe na likubali mapema. Mengine hayabebi silaha kabisa. Na kila nchi ya njiani ina masharti yake. Akipitia Amsterdam, kwa mfano, Uholanzi inataka idhini ya forodha yao itafutwe kabla ya safari, hata kama bunduki haitatoka uwanjani.

Lakini mteja akinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu zilikuwa rahisi, mambo yanageuka. Atatakiwa achukue mzigo Nairobi, apite forodha, aukabidhi upya. Dakika hiyo bunduki imeingia Kenya. Vivyo hivyo ikiwa ndege ya pili inaruka kutoka Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, kwa kuwa sanduku litapitishwa barabarani. Na anayetaka kulala Nakuru kisha avukie mpaka wa Tanzania pale Namanga kwa gari hayuko tranziti hata kidogo. Huko ni kuingiza silaha nchini, jambo lililo chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ruhusa hutafutwa kwa mamlaka ya leseni za silaha kabla mtu hajapanda ndege, akitaja bunduki yenyewe na mwenye nayo. Wale wageni wa Kisumu walikuwa katika kundi hili. Jamaa alijua, kwa sababu dada alimwambia ratiba yote, naye akajibu tu "hakuna shida madam."

Angalieni pia tiketi zinazouzwa na shirika moja huku ndege ikirushwa na jingine. Mwulizeni anayerusha, msiishie kwa aliyeuza. Bunduki husafiri tupu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, kwenye mizigo ya chini. Risasi hufungwa imara na kikomo cha kawaida ni kilo 5 kwa abiria, pamoja na uzito wa boksi lake. Yule ajenti alimwandikia dada kilo 20 "kwa vile ni familia." Posho za watu wawili haziunganishwi kwenye boksi moja, na hata zingeunganishwa, tano na tano si ishirini.

Mimi, mteja anayetaka Nakuru na kitalu kwa safari moja, humshauri aache bunduki kwao akodi Tanzania. Kampuni nyingi za uwindaji huko zina za kukodisha.

Na pesa: malipo ya huduma za serikali yanapitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, paybill 222222. Huyu anatumia nambari za simu za kawaida, na kila malipo jina la mpokeaji linabadilika. Ukiona jina la mtu binafsi kabla ya kuweka PIN, ghairi.

Kama umemtumia sasa hivi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom uombe urejeshewe kabla hajatoa. Nambari yake itume 333. Usifute mazungumzo wala zile voisi zake, nenda nazo kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wanapokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203. Lakini kabla ya yote hayo mpigie mteja wako leo, umwambie karatasi aliyo nayo asiionyeshe popote na asifike uwanjani na bunduki kwa kuitegemea.