Tathmini ya Mpango wa JET kwa mwalimu wa Kiingereza anayetaka kufundisha Japani

Miongoni mwa njia za mwalimu wa Kiingereza kupata kazi na viza halali ughaibuni, naupa nafasi ya kwanza Mpango wa JET (Japan Exchange and Teaching), unaowapeleka wageni kuwa walimu wasaidizi katika shule za Japani na ambao serikali ya nchi hiyo imekuwa ikiuendesha tangu mwaka 1987. Hauna wakala anayedai ada: maombi hupelekwa ubalozini, usaili husimamiwa na ubalozi, na anayechaguliwa hulipiwa nauli ya ndege. Sharti la elimu ni shahada ya kwanza ya fani yoyote, na cheti cha ualimu si lazima, ingawa humwongezea mwombaji uzito. Mwombaji lazima awe raia wa nchi inayoshiriki, lakini hata hapo mlango ni mpana kuliko wa Korea Kusini, ambako viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, na kutoka Afrika imo Afrika Kusini peke yake.

Jambo ambalo waombaji wengi hawalitilii maanani ni aina ya ukaazi wanaopewa. Mwalimu wa JET huingia kwa hadhi ya mkufunzi, inayomruhusu kufundisha katika shule za kawaida, kuanzia za msingi hadi za sekondari, na hadhi hiyo huandikwa kwenye kadi ya ukaazi anayokabidhiwa kwenye viwanja vikubwa vya ndege kama Narita. Akitaka kuhamia shule binafsi ya lugha, ile inayofundisha watu wazima baada ya saa za kazi, kadi hiyo haimtoshi. Itambidi aombe uhamiaji imbadilishie hadhi iwe ile ya wataalamu wa sayansi za jamii na huduma za kimataifa, tena kabla hajaanza kazi mpya. Hata masomo ya ziada ya malipo ya mwisho wa wiki huhitaji kibali chake.

Kuhusu kazi yenyewe, nasema bila kuficha kwamba mpango huu haumjengi vya kutosha mtu aliyekwisha kuwa mwalimu. Cheo ni cha msaidizi: mwalimu wa Kijapani ndiye mwenye somo, na kuna madarasa ambamo mgeni hubaki kusoma mazungumzo ya kitabuni kwa sauti ili wanafunzi wamwigize. Kwingine wawili hao huandaa somo pamoja na kugawana darasa, jambo linalopendeza sana, ila mwombaji hawezi kujua mapema ataangukia wapi. Anaruhusiwa kutaja eneo analolipenda, kisha anaweza kupangiwa kisiwa kidogo au mji wa milimani.

Mkataba ni wa mwaka mmoja na huweza kurefushwa hadi jumla ya miaka 5, kwa hiyo anayetaka kubaki nchini aanze mapema kujifunza Kijapani na kutafuta mwajiri atakayemdhamini. Anayeondoka naye asisahau michango yake ya pensheni: sheria humruhusu kudai malipo ya mkupuo ndani ya miaka 2 baada ya kuondoka, na hesabu yake hufikia michango ya miaka 5. Kwa aliyekuwa katika pensheni ya waajiriwa, kodi ya asilimia 20.42 hukatwa kwanza.