TAHADHARI DODOMA: Anauza kibodi zisizo na waya, risiva anabaki nayo

Wadau wa Dodoma, hasa mnaojikusanyia kompyuta ya kwanza ya nyumbani kidogo kidogo, CPU leo, skrini mwezi ujao: kuna jamaa anatangaza kibodi za mtumba zisizo na waya kwenye magrupu ya WhatsApp. Mzigo anautoa mkononi kwenye kona za Majengo na stendi ya Nanenane, duka hana. Shilingi 20,000, jina la kampuni kubwa mgongoni. Mdogo wangu wa UDOM kaletewa na bodaboda, kalipa, kafungua: risiva, kile kidude cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta ili kibodi ishike, hamna. Kumpigia jamaa, anajibu, "Nunua risiva yoyote dukani, itashika." Toka hapo hapatikani.

Haishiki. Kibodi nyingi za namna hii huwasiliana kwa mawimbi ya 2.4 GHz na kidude kimoja tu cha USB, kile ilichounganishwa nacho kiwandani. Kikipotea, umebaki na plastiki. Zenye afadhali ni za Bluetooth (ila CPU nyingi za zamani hazina Bluetooth, kwa hiyo bado utanunua kifaa kingine) na zile za Logitech zenye alama ya nyota ya rangi ya chungwa, ambazo hukubali risiva nyingine yenye nyota hiyohiyo ukiziunganisha kwa programu yao. Ya dogo haina nyota wala Bluetooth.

Msidhani kukutana naye ana kwa ana kunasaidia. Anachomeka risiva kwenye laptop yake, kibodi inaandika vizuri mbele ya macho yako, halafu anakufungia nyingine inayofanana nayo kutoka kwenye begi. Mwenzake dogo kapigwa hivyohivyo.

Mzigo wake una kibodi za Kifaransa pia. A iko mahali pa Q, na namba huzipati mpaka ushike Shift. Mpangilio unabadilishika kwenye Windows, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe zitaendelea kukudanganya. Umpe mtoto anayejifunza kuchapa? Utakuwa unamtesa bure.

Kwa kompyuta ya kwanza chukua ya waya ya USB. Haina betri wala kidude cha kupotea. Nunua dukani, uichomeke hapohapo, ufungue Notepad na kubonyeza kila kitufe. Space na Enter zibonyeze pembeni, maana ndizo hukwama upande mmoja. Ukiona plagi ya duara ya zambarau, hiyo ni PS/2; angalia kwanza nyuma ya CPU yako kama tundu lake lipo. Na risiti udai, hata kama muuzaji atanuna.

Namba ya jamaa tumeshaituma TCRA kwenda 15040. Nanyi aliowapiga itumeni, maana anabadilisha laini. Picha ya tangazo tu ndiyo hajabadilisha: kibodi nyeupe juu ya zulia jekundu.