PRDH-IGD: Kanzidata ya kufuatilia nasaba za Quebec

Kama ukoo unaoufuatilia ulikuwa Quebec kabla ya 1850, kanzidata hii inastahili fedha zako kuliko nyingine zote. Mradi wa PRDH (Programme de recherche en démographie historique, yaani programu ya utafiti wa demografia ya kihistoria) ulianza 1966 katika Chuo Kikuu cha Montréal; IGD ni Institut généalogique Drouin, taasisi ya nasaba. Watafiti walinakili madaftari ya parokia za Kikatoliki ya ubatizo, ndoa na mazishi, tangu 1621 hadi 1849, kisha wakaunganisha hati hizo familia kwa familia. Ukifungua ukurasa wa mume na mke unawakuta na watoto wao, na kila mtoto aliyeoa au kuolewa anakupeleka kwenye ukurasa wa ndoa yake.

Malipo ni kwa vifurushi vya kurasa, kwa hiyo usiingie ukiwa unabahatisha. Tafuta kwanza, kwingineko, jozi ya mume na mke waliofunga ndoa kabla ya 1850. Halafu ingiza ubini wa wote wawili kwa pamoja. Njia hii inafanya kazi kwa sababu mwanamke wa Quebec aliandikwa kwa ubini wa baba yake maisha yake yote: kwenye ndoa, kwenye ubatizo wa wanawe, hata kwenye mazishi. Ukiingiza ubini wa mume peke yake, kama ni ubini ulioenea sana kama Tremblay au Gagnon, kifurushi kitaisha hujafika popote.

Wengi hukwama kwenye majina ya "dit", yaani "aitwaye". Askari walikuja na majina ya jeshini, wengine wakapewa jina la shamba au kijiji walikotoka, na jina hilo likaenda sambamba na ubini. Katika ukoo wa Hudon dit Beaulieu, baadhi ya wazao wamebaki Hudon na wengine Beaulieu, ingawa babu yao ni mmoja. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuandikwa tofauti. Kanzidata hukusanya tahajia mbalimbali chini ya jina moja sanifu, na hilo ni msaada mkubwa, maana wazazi wengi hawakujua kusoma na padre aliandika alivyosikia. Lakini usiitegemee kwa "dit": tafuta kwa ubini wa asili, kisha rudia kwa jina la "dit". Waliohamia viwanda vya nguo vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, wanahitaji hatua moja zaidi, kwani Roy aligeuka King na Boisvert akawa Greenwood.

Majina ya ubatizo nayo yana utaratibu wake. Wavulana wengi walipewa Joseph na wasichana Marie mbele ya jina walilolitumia nyumbani, kwa hiyo usichanganyikiwe na akina Joseph watano wa mama mmoja. Ukiona Jean-Baptiste wawili kwa wazazi walewale, angalia mazishi: mara nyingi wa kwanza alifariki mchanga na jina akapewa mdogo wake.

Kosa jingine hutokea kwa wajane na wagane. Mtu akioa mara ya pili, padre mara nyingi alitaja marehemu mwenzi wake na kuwaacha wazazi. Mnyororo haujakatika hapo. Rudi kwenye ndoa ya kwanza, wazazi utawapata huko.

Upungufu wa PRDH ni kwamba inakupa dondoo tu. Kila kiungo kikuu kihakikishe kwenye picha za madaftari yenyewe, ambazo tovuti ya nasaba ya FamilySearch inazo bure kwa kufungua akaunti, zikiwa zimepangwa kwa parokia na miaka. Huko utaona sahihi, na pia ruhusa za ndoa za ndugu. Padre akiandika kuwa wanandoa ni ndugu wa daraja la nne kwa la nne, maana yake mababu wa babu zao ni wamoja, nawe unapata kipimo cha kupima mti ulioujenga.

Wenye asili ya Acadia, koloni la zamani la Wafaransa mashariki mwa Canada, wasitegemee kuvuka hapa hadi nyuma ya uhamisho wa 1755, Waingereza walipowafukuza wakazi wake. Wale waliokimbilia Quebec wamo kwa ndoa na mazishi yao ya baadaye, ila madaftari ya parokia zao za zamani yatafutwe kwingine.