Tundu la kasuku: lipi ununue, lipi uliache dukani

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40, na wapo wanaofika 60. Katika umri huo utabadilisha makochi, televisheni na pengine nyumba yenyewe, naye bado utakuwa naye. Hata hivyo wengi humaliza fedha zote kwenye ndege, na tundu linakuwa jambo la mwisho: tenga la kuku kwa siku za mwanzo, au kitundu cha duara kilichovutia macho dukani. Siku za mwanzo zinageuka miaka. Ndege aliyeumbwa kuruka kilomita nyingi kwa siku anabaki kugeukageuka mahali pamoja, mara nyingi anaanza kujinyonyoa manyoya kifuani, na mwenyewe anadhani ni ugonjwa wa ngozi.

Hapa nimeyapanga matundu yanayopatikana kwetu, kuanzia lililo bora hadi lile ninalokuomba usilichukue hata ukipewa bure. Nimelenga zaidi kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ila wenye cherero, wale kasuku wadogo, nao watapata vipimo vyao. Msimamo wangu ni huu: tundu linanunuliwa kwa kuangalia mabawa ya ndege na chuma atakachokuwa anakitafuna kila siku. Urembo uje mwisho kabisa.

Jambo moja kabla ya tundu: kibali. Kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho cha I, orodha ya wanaolindwa zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, baada ya uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016. Kenya, ulizia KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania Bara, ulizia TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Muuzaji asiyeweza kueleza ndege wake ametoka wapi, mwache. Msitu wa Kakamega umebaki na kasuku wachache sana, na kila anayenaswa na kuuzwa ni pengo lisilozibika.

Vipimo kwanza

Nenda dukani na futi kamba. Kasuku wa kijivu ana urefu wa sentimita 33 hivi, na mabawa yake yakikunjuliwa yanakaribia nusu mita. Lazima aweze kuyakunjua yote mawili bila kugusa ukuta wa tundu upande wowote. Kwa hiyo upana wa sentimita 60, kina 60 na kimo 90 ndicho kiwango cha chini kabisa, tena kwa ndege anayetolewa nje kila siku. Ukiweza, chukua upana wa 90, kina 60 na kimo 120. Kwa jozi ya cherero, upana wa sentimita 75 kwa 45, na kimo cha 45 au zaidi, unatosha.

Ukilazimika kuchagua kati ya upana na kimo, chagua upana. Wauzaji hupenda tundu refu jembamba kwa kuwa halili nafasi sebuleni, lakini ndege huruka kwenda mbele, hapandi juu kama moshi. Kile kimo cha ziada hakitumii.

Nafasi kati ya nondo na nondo ni kipimo kinachosahaulika, nacho ndicho kinachoua. Kwa kasuku wa kijivu iwe sentimita 2 hadi 2.5. Kwa cherero isizidi 1.5. Ikiwa pana, ndege atapenyeza kichwa na kushindwa kukirudisha. Pima pia nafasi ya mlangoni na kwenye vidirisha vya vyombo vya chakula, maana hapo mafundi hujisahau. Na usisahau kupima mlango wa chumba chako, kwa sababu tundu la kina cha 90 huenda lisipite.

Kwa nini chuma kina uzito kuliko kitu kingine

Kasuku hupanda kwa mdomo. Kila nondo ya tundu ataiuma, ataikwangua, ataionja, mwaka hadi mwaka. Waya iliyopakwa zinki, ile inayong'aa kijivu na kuuzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, inamwaga zinki mdomoni mwake kidogo kidogo. Risasi iliyomo kwenye lehemu na kwenye rangi za zamani za mafuta ni mbaya zaidi. Dalili ni kulegea, kutapika, kinyesi kuwa kijani na chepesi, wakati mwingine kutetemeka. Mpaka mwenyewe azione, ndege ameshaumia, kwani ndege huficha ugonjwa hadi ashindwe kusimama.

Kwa sababu hiyo orodha hii imepangwa kwa chuma, si kwa bei.

1. Tundu la chuma kisichoshika kutu

Hakuna linaloshindana nalo. Halina rangi ya kubanduka, linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na litadumu umri wa ndege. Ulizia daraja la 304. Ukiishi karibu na bahari, Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam ya ufukweni, daraja la 316 huvumilia hewa ya chumvi vizuri zaidi, ilhali 304 hutoka madoa ya rangi ya chai na inahitaji kufutwa mara kwa mara. Nenda na sumaku: ikinata kwa nguvu, hiyo si 304 wala 316, muuzaji aseme asemavyo.

Kasoro yake ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya tundu la kawaida. Lakini anayebadilisha tundu la bei nafuu kila baada ya miaka michache atajikuta amelipa zaidi.

2. Tundu la fundi, lililopakwa rangi ya unga ya kuokwa

Hili ndilo ninalompendekezea mtu wa kipato cha kawaida, na ndilo nitakalolieleza kwa kirefu kwa sababu ubora wake uko mikononi mwako. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, na wale wa mtaani kwako, wanatengeneza mageti na madirisha kila siku. Tundu haliwashindi. Wanachokosa ni maelezo, na ukimwambia tu "nitengenezee tundu la ndege" atakuchomelea tundu la kuku.

Mpe karatasi yenye mchoro na haya: nondo laini ya milimita 4, nafasi ya sentimita 2, na mbavu mbili za tundu ziwe na nondo zilizolazwa ili ndege apate pa kupandia. Mlango uwe na upana wa sentimita 30 na kimo cha 35, ili umtoe akiwa amesimama mkononi bila kumgandamiza. Vyombo vya chakula na maji viwe na vidirisha vyake vya nje. Chini kuwe na wavu wa nondo unaotoka, na chini ya wavu huo, kwa umbali wa sentimita 8 hivi, trei ya alumini inayovutika. Kama bajeti inaruhusu, ongeza magurudumu yenye breki.

Msisitizie asitumie waya wala bomba lenye zinki. Zinki ikipigwa moto wa kuchomelea hutoa moshi unaomdhuru fundi mwenyewe, na huacha vidonge vidogo ambavyo kasuku atavibandua na kuvimeza. Kila mahali palipochomelewa pasuguliwe kwa tupa mpaka ukipitisha kitambaa cha pamba kisinase.

Sasa rangi. Rangi ya mafuta ya kupaka kwa brashi, hapana. Mdomo wa kasuku utaibandua upesi. Rangi ya unga hupulizwa juu ya chuma kikavu kilichosafishwa, kisha huokwa kwenye tanuri kwa joto linalokaribia nyuzi 200 hadi ishikamane. Karakana nyingi za milango na madirisha ya alumini zinaifanya kazi hiyo au zinajua inakofanyika. Ulizia unga usio na risasi, na waambie wasitangulize rangi ya zinki chini yake. Tundu lichomelewe lote kwanza, ndipo lipakwe. Fundi akirudi kuchomelea kitu juu ya rangi, pale pameharibika. Likifika nyumbani lioshe kwa sabuni, liache kwenye hewa mpaka harufu iishe, ndipo umtie ndege.

Rangi hii nayo haidumu milele. Kagua kila mwezi. Ukiona imebanduka na kutu imeanza, lirudishe likasuguliwe na kuokwa upya.

3. Tundu la dukani lililopakwa rangi

Haya huja vipande vipande ndani ya boksi, mengi kutoka China, unayaunga nyumbani. Kwa cherero ni chaguo zuri na rahisi. Kwa kasuku wa kijivu, mengi ni madogo na nondo zake ni nyembamba mno. Bonyeza nondo mbili kwa vidole, zikipindika kwako zitapindika kwake. Kwangua kwa ukucha kona ya ndani isiyoonekana. Rangi ikitoka kama ganda, lirudishe boksini. Vijiti vya plastiki vinavyokuja nalo utavitupa, na kule juu kama kuna paa la kuba ambako nondo zinakutana, pitisha kidole kuona kama ukucha wa ndege unaweza kunasa.

4. Tundu lililotumika

Unaweza kupata tundu zuri sana kutoka kwa mtu anayehama nchi, kwa sehemu ndogo ya bei yake. Swali la kwanza usiulize bei. Uliza ndege aliyekuwamo yuko wapi. Akiwa amekufa kwa ugonjwa wa manyoya au wa kifua, achana nalo, kwani baadhi ya virusi vya kasuku huishi muda mrefu kwenye vumbi. Akiwa hai na mzima, lisugue uchafu wote, kisha lipake dawa ya klorini kipimo kimoja kwa maji 30, liache dakika 10, lisuuze sana na ulianike juani. Lenye kutu kwenye maungio au lililopakwa rangi nyumbani, usilichukue.

5. Mbao na mianzi

Mengine ni mazuri mno kutazama, kazi ya mikono inayostahili heshima. Kwa kasuku hayafai. Kasuku wa kijivu atalitoboa upesi, na unyevu wa pwani huifanya mbao kuwa makazi ya ukungu.

6. Yasiyofaa kabisa

Waya wa kuku, kwanza. Una zinki, ni mwembamba, na ncha zake hukata. Pili, tundu la duara, la ukubwa wowote. Kasuku ni ndege wa kuliwa na mwewe. Anapoogopa hutafuta kona ya kujibanza, na duara halina kona. Tatu, matundu ya shaba yanayong'aa, kwa kuwa shaba ya manjano nayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki.

Komeo

Kasuku wa kijivu hufungua makomeo. Mlango unaopanda na kushuka ataunyanyua kwa mdomo, na kulabu ya kusokota ataisokota. Nunua kufuli au kishikizo cha chuma kisichoshika kutu. Kufuli za kawaida za rangi ya dhahabu zina zinki ndani yake, hivyo zisikae anakofika mdomo.

Vya ndani

Kijiti kimoja laini cha unene uleule mwanzo hadi mwisho huchubua nyayo mpaka zikapata vidonda. Kata matawi ya mpera au mvinje yasiyopuliziwa dawa, yawe na unene mbalimbali, yaoshe, yakaushe, uyafunge kwa vimo tofauti. Akiyatafuna, ndiyo kazi yake, lete mengine. Tawi la mparachichi lisiingie kamwe. Parachichi ni sumu kwa kasuku, tunda hata majani. Kwenye trei tandika gazeti na ulibadilishe kila siku. Unga wa mbao hushika ukungu kwenye hali ya hewa yetu, na ukungu huo huingia mapafuni mwake.

Pa kuliweka

Sebuleni, mgongo wa tundu ukiwa ukutani, kwa kimo ambacho kijiti kikuu kiko usawa wa kifua chako. Jikoni hapana. Sufuria isiyoshika chakula ikipata moto kupita kiasi hutoa moshi unaomuua ndege kwa dakika chache, nawe hutausikia harufu. Jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuwasha, ubani na udi vyote vinamuumiza. Kama nyumba yako hufukizwa kila Ijumaa, mhamishe chumba kingine chenye dirisha wazi mpaka moshi uishe kabisa.

Barazani anaweza kukaa mchana ukiwa karibu, palipo na kivuli. Usimwache peke yake, kwani kunguru, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wametapakaa pwani yote, huvuta vidole vya ndege kupitia kwenye nondo. Usiku aingie ndani, kwa ajili ya panya, nyoka na kanu. Sisimizi wakisumbua, simamisha miguu ya tundu kwenye vikopo vya maji. Mfunike kwa khanga nyepesi ili apate saa 10 hadi 12 za giza, ukiacha upande mmoja wazi wa kupitisha hewa.

Tundu jipya likifika, usimtie kwa nguvu siku hiyohiyo. Liweke kando ya la zamani siku chache, milango ikiangaliana, chakula anachokipenda kikiwa upande mpya. Wengine huvuka siku ya kwanza, wengine wiki mbili.