TAHADHARI: Anauza vyeti vya mababu wa Kijerumani hapa Mbeya

Ndugu zangu, huyu mtu nikimtia mkononi sijui itakuwaje. Babu yetu alikuwa Mjerumani, na mama amehangaika sana kutafuta wazazi wake ni nani na alizaliwa wapi.

Alitufuata nyumbani Uyole. Suti safi, Kinyakyusa kimenyooka, kila mara "ndaga fijo (asante sana), mama". Akatoa bahasha ya kaki, akavaa glovu nyeupe kama daktari wa upasuaji, eti karatasi ni kuukuu, haiguswi kwa mkono mtupu. Cheti cha ofisi ya vizazi, maandishi yale ya Kijerumani ya kujikunja, muhuri wa tai, karatasi ina rangi ya chai (na nahisi ilikuwa chai kweli). Akasoma taratibu: mtoto wa kiume, kazaliwa 1869, baba Johann, mama Maria. Akampa mama ashike. Mama akaanza kulia, anayarudia yale majina, "Johann, Maria, kumbe ndio nyie." Niambieni, nani angeanza kubishana pale? Nikamrushia laki tatu na nusu pale pale sebuleni, na nauli ya Tukuyu nikamwongezea!

Na msinicheke. Alijua babu alikuwa seremala wa misheni Rungwe, alijua wamisionari Wamoraviani walifika pale 1891, alijua hata shamba lilipokuwa. Juzi ndiyo naambiwa alishinda kutwa nzima kwa shangazi, anakunywa chai na kumchimba.

Mama akaagiza marumaru ya kaburi, na mji wa kuzaliwa uchongwe kama ulivyo kwenye cheti: Neu Langenburg. Fundi yuko katikati ya herufi, mchungaji mstaafu anapita, anauliza, "Hilo si jina ambalo Wajerumani waliipa Tukuyu?" Ndilo. Yaani babu wa Ulaya kazaliwa Tukuyu, zaidi ya miaka ishirini kabla misheni haijafika! Marumaru imelipiwa, na fundi harudishi hela.

Mtu huyu akalale gereza la Ruanda miaka, akale ugali na maharage ya kule mpaka azitapike laki zangu. Kumliza mama mzee namna ile!

Haya, dalili. Hataki cheti kipigwe picha. Anataka hela kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Na huo mwaka wenyewe, 1869: usajili wa vizazi wa serikali kwa Ujerumani nzima ulianza 1876, kabla ya hapo sehemu kubwa ya nchi ilitegemea vitabu vya ubatizo vya kanisa. Mchungaji anasema karatasi za misheni zipo Herrnhut, Ujerumani, na Wamoraviani walikuwa na desturi ya kuandika wenyewe habari za maisha yao, alikozaliwa mtu na wazazi wake. Tungeanzia huko.

Nasikia sasa yuko Iringa, anazungukia watu wa Ifunda, eti ana majina ya Wapolandi wa ile kambi ya wakimbizi wa Vita ya Pili ya Dunia. Akija kwako mchelewesheni kwa chai, nipigieni. RB ya polisi ninayo.