Kazi za mtandaoni: nimepanga majukwaa kwa kuangalia pesa ya mteja iko wapi

Nilichapa kurasa 40 za mwandiko wa mkono kwa siku tatu, macho yakiwasha. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshalipa "ada ya usajili" kwa tovuti iliyoniahidi kazi hiyo. Nilipotuma faili la mwisho nikaandika, "Nimemaliza, naomba malipo." Ujumbe ukabaki na tiki moja ya kijivu, picha ya mteja ikatoweka. Mpaka leo ni tiki moja.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza ajisajili wapi, siangalii kwanza wingi wa kazi. Nauliza: unapoanza kazi, pesa ya mteja iko wapi? Kama bado iko mfukoni mwake, umemkopesha jasho lako. Kama ameiweka amana kwenye jukwaa, angalau kuna mtu wa tatu aliyeishika.

Kati ya majukwaa yanayokutanisha wateja na wafanyakazi wa mtandaoni, Upwork ndiyo ya kwanza kwangu, na sifichi kwamba naipendelea. Ilitokana na kuungana kwa majukwaa mawili ya zamani, Elance na oDesk, ikapewa jina hili 2015. Kwenye kazi ya bei maalumu, yaani bei mliyokubaliana kwa kazi nzima, mteja huweka amana pesa ya hatua, yaani sehemu moja ya kazi, nawe ukishawasilisha ana siku 14 za kukagua. Akikaa kimya, pesa inaachiliwa kwako.

Wengi huumia hapa: mkataba una hatua nne, lakini mteja ameweka pesa ya hatua ya kwanza tu. Mnaimaliza vizuri, mnazoeana, kisha anakuambia, "Endelea na ya pili, pesa naweka kesho." Usiguse kazi. Fungua ukurasa wa mkataba, itazame hatua yenyewe, hakikisha imeandikwa kwamba pesa ipo. Mteja wa kweli hakasiriki ukimwambia unasubiri. Kwenye kazi za saa, washa programu yao inayopiga picha za skrini, maana saa ulizojiandikia mwenyewe hazina ulinzi wa malipo.

Makato yao kwa mikataba mipya tangu 2025 ni kati ya asilimia 0 na 15. Kinachoniudhi zaidi ni Connects, zile tokeni za kuombea kazi. Moja ni senti 15 za dola, na ombi moja linaweza kula zaidi ya kumi. Mteja akimchagua mwingine, hazirudi. Anayeanza, asiye na hata nyota moja, ndiye anayezimaliza haraka kuliko wote, na hilo si haki.

Fiverr ni ya pili. Mnunuzi hulipa anapoagiza, kwa hiyo swali langu limejibiwa kabla hujashika kazi. Lakini wanakata asilimia 20, hata kwenye bakshishi! Mtu amefurahi akakuongezea kwa hiari yake, nao wanachukua fungu. Kisha muuzaji mpya, yaani wewe mfanya kazi, anasubiri siku 14 baada ya kazi kukamilika ndipo aweze kutoa pesa.

Freelancer.com naiweka ya tatu kwa sababu moja. Kwenye kazi za bei maalumu, ada yao (asilimia 10 au dola 5, iliyo kubwa kati ya hizo) hukatwa unapokubali kazi, si unapolipwa. Kwa hiyo usibonyeze kukubali mpaka mmeelewana kuhusu malipo ya hatua, na usianze mpaka uyaone yamewekwa.

Tovuti za kujaza dodoso hulipa kidogo mno kwa muda zinaokula. Zile "kazi" za Telegram za kupenda video, zinazokulipa kidogo mwanzoni kisha zikakutaka uweke pesa yako ili ufungue kiwango kinachofuata, ni wizi.

Hasira yangu kubwa ni kwa wanaouza kozi za "kuingia" kwenye majukwaa haya. Kufungua akaunti kwenye yote matatu niliyoyataja ni bure. Wengine wanauza hata akaunti zilizokwisha kuthibitishwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Unainunua, unafanya kazi kwa bidii, siku moja jukwaa linakuomba uso wako mbele ya kamera. Uso haulingani na kitambulisho, akaunti inafungwa, na pesa uliyoitolea jasho imo ndani.