Mashine ya mkono ya kujazia risasi za geji 12: uzoefu wangu

Nyumbani kwetu hapa Minnesota mpigaji hasa ni kijana wangu. Yuko kwenye timu ya shule ya kulenga visahani vya udongo, na raundi moja ni visahani 25, maana yake risasi 25 zimekwenda. Kwa hiyo nikanunua mashine ya chuma ya mpini mmoja, ile unayojazia upya maganda ya bunduki ya marisawa yaliyokwisha kupigwa, moja moja, ukihamisha ganda kituo hadi kituo: kung'oa fataki iliyokufa (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na kunyoosha ganda, kuweka fataki mpya, baruti, wadi (kizibo kinachotenganisha baruti na marisawa), marisawa yenyewe, yaani chembe zinazorushwa, kisha kukunja mdomo.

Tumalize habari ya pesa kwanza. Kwa geji 12 ya kawaida (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), ukijumlisha bei za leo za vifaa vyote, unaokoa kidogo sana au huokoi kitu. Kwa .410 na geji 28, saizi za mitutu myembamba zaidi ambazo risasi zake dukani ni ghali, hapo kuna nafuu ya kweli. Ninachopata mimi ni risasi laini, yenye marisawa ya gramu 28, isiyompiga mtoto teke la begani.

Malalamiko mengi juu ya mashine hizi ni ya mkunjo. Mdomo wa ganda hujikunja kama ua lenye petali 6 au 8. Ukitoka umebonyea katikati au umevimba, watu hukimbilia spana na kuanza kukaza na kulegeza kila boliti. Mara nyingi mashine haina kosa. Angalia kilichomo ndani: wadi na marisawa vikikaa chini mno, mkunjo unazama; vikipanda mno, unavimba. Maganda ya kampuni mbalimbali hayalingani ndani, mengine ni membamba kuelekea kitako, mengine yamenyooka, hivyo wadi iliyokaa vizuri kwenye hili inakataa kwenye lile. Ndiyo maana nachambua maganda kwanza, aina moja kwa kikao kimoja. Lililokuwa na mikunjo 8 likipita kwenye kianzio (kipande kinachoanzisha mikunjo) cha 6, limeharibika. Likibaki na kitundu kinachovujisha chembe, shusha kianzio kidogo. Kama mdomo umechanika, tupa, halina deni na mtu.

Kituo cha marisawa nacho kina vituko vyake. Unavuta mpini, husikii ule mchakacho wa chembe zikishuka, unainua, na mzigo mzima unamwagika mezani na kuviringika hadi uvunguni. Zimekwama kwenye bomba, zikashikana. Chembe namba 7½, ambazo ni ndogo, hufanya hivyo kwa nadra, kubwa zaidi ndizo sumbufu. Gonga bomba taratibu kabla ya kuinua, na chungulia ndani ya kila ganda kabla ya kulikunja.

Baruti ndiyo isiyotaka mzaha. Jedwali linalokuja na mashine linasema kibushi fulani (kipande chenye tundu la kupimia baruti) kinamwaga greni kadhaa, kipimo kidogo cha uzito, lakini kwenye mizani kiasi hakilingani na kilichoandikwa, mara nyingi ni pungufu. Mtikisiko wa meza na namna unavyovuta mpini vinabadilisha kipimo, kwa hiyo vuta kwa mwendo uleule, na pima tena kila baada ya muda. Wakati wa baridi hewa ya humu ndani ni kavu mno, punje zinang'ang'ania ukuta wa chupa ya plastiki kwa umeme tuli. Kale kakaratasi laini ka mashine ya kukaushia nguo, ukipangusa nako chupa, kanasaidia. Fuata orodha ya vifaa na vipimo iliyochapishwa na watengenezaji wa baruti, neno kwa neno: ukibadilisha fataki tu, shinikizo linabadilika.

Risasi iliyogoma kuingia chemba, pale inapokaa ndani ya bunduki, kwa kawaida kitako chake hakikunyooshwa sawasawa, na vitako vya chuma baada ya kubanwa hutanuka tena zaidi kuliko vya shaba. Fataki iliyochomoza ni hatari zaidi, inaweza kulipuka bunduki ikifungwa. Pitisha kidole kwenye kila kitako, kiwe sawa kabisa.

Na ukisikia "pufu" badala ya mlio, simama hapo hapo. Fungua bunduki, toa risasi, tazama mtutu kutoka upande wa chemba. Baruti ikiwa kidogo au mkunjo ukiwa legevu, wadi inaweza kubaki humo, na risasi inayofuata ikapasua mtutu. Uwanjani wengine watakusukuma uendelee kwa sababu zamu inachelewa. Waache wangoje.

Marisawa ni madini ya risasi, yaani sumu, hivyo mezani kwangu hakuna chai wala andazi, na mikono inanawiwa kwa sabuni.

Chuma chenyewe ni imara, mpini haulegei, ila karatasi ya maelekezo ni duni na chombo cha kukusanyia fataki zilizokufa ni kidogo mno. Nyota nne kati ya tano. Mizani haimo kwenye boksi. Agiza siku hiyohiyo unayoagiza mashine.